Ananipenda Mimi au Paa Letu?

Tangu shangazi yake aseme lile neno, Kimya hakuweza tena kumtazama Fundi Waya bila kufuata macho yake yanakoishia. Na yaliishia juu ya mabati.

Mchana ule alikuwa barazani nyuma ya cherehani, gauni la mteja limemjaa mapajani, akamwona anaegesha pikipiki chini ya mteremko. Fundi alivua helmeti, akafuta jasho shingoni, akainua uso. Alimtazama yeye. Akatabasamu, kwa muda wa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, halafu macho yakapanda. Yakapita juu ya kitambaa chake cha kichwa, yakapita ukingo wa paa, yakatua kwenye dishi. Hapo yakatulia na kuridhika, kama mzazi aliyerudi akakuta mtoto wake hajaanguka.

"Unaona?" moyo ukamwambia, na moyo wake siku hizo ulikuwa na sauti ya shangazi. "Wewe umesalimiwa. Dishi limetazamwa."

Kabla ya dishi hilo, watu wa bonde lile walikuwa na jiwe. Jiwe kubwa jeusi kando ya njia ya kisimani, mahali pekee simu iliposhika mtandao, na hata hapo ilibidi usimame juu kabisa, mkono hewani. Waliliita Jiwe la Habari, kwa sababu hakuna aliyezungumza pale bila kusikiwa na foleni nzima. Mwenye kugombana na mkwe aligombana mbele za watu. Mwenye kubembeleza alibembeleza mbele za watu, na akishuka anapewa ushauri.

Kimya aliliogopa jiwe lile kuliko nyoka. Jina lake alipewa utotoni kwa kutosema, na hakuwahi kulilalamikia. Lakini wateja wake wa magauni walikuwa mjini, na picha za mishono lazima ziwafikie. Basi alipanda, akatuma picha, na mteja akipiga simu kuuliza kifua kikatwe vipi, Kimya anaitazama foleni, foleni inamtazama, anakata simu. Wateja kadhaa walimhama hivyo hivyo, wakidhani ana kiburi.

Ndipo alipokuja Fundi Waya. Jina hilo alipewa siku ya kwanza, na alipoeleza kwamba mtandao wake hautumii waya hata mmoja, watu walicheka, wakaendelea kumwita hivyo hivyo. Alikuwa akitafuta nyumba inayouona mnara wa mjini na kuliona bonde pia, na nyumba ya kina Kimya ilikuwa imekaa kwenye paji la kilima, inaona kote kuwili. Alikubaliana na Mama: yeye ataweka dishi kubwa juu ya paa, dishi litapokea mtandao kutoka mnarani na kuugawa kwenye nyumba za bondeni, na nyumba hii itatumia bure.

Siku ya kulielekeza, fundi alipanda juu, akamwachia Kimya simu yake.

"Mimi nageuza, wewe unanitajia namba unayoiona. Kwa sauti, huku juu kuna upepo."

"Namba ikiwa kubwa ndiyo nzuri?" Mama aliuliza.

"Hapana, mama. Hizi ni za hasi. Ikishuka ndiyo nzuri."

"Kumbe kama homa."

"Kabisa, mama. Kama homa."

Kimya alisema namba ya kwanza, na sauti haikufika hata mlangoni.

"Sikusikii!"

"Hasi themanini na mbili."

"Upepo huu!"

"Hasi themanini na mbili!" Kimya alipiga kelele, na Mama akaangusha ungo. Chini njiani wanawake waliotoka kisimani walisimama, wakaulizana ni nani yule. Fundi aligeuza dishi kidogo. "Hasi sabini na nne!" Akageuza tena. "Hasi sitini! Hamsini na nane! Hapo hapo, usiguse!" Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyekimbia, na hakufa. Fundi alimchungulia kutoka ukingoni mwa paa, akamwangalia kwa namna ambayo Kimya aliibeba hadi kitandani.

Tangu siku hiyo fundi alikuja kila wiki kukagua, na kila alipokuja namba zilitajwa. Asipokuja alituma ujumbe: *Leo hasi ngapi?* Kimya alijibu namba peke yake, lakini aliiandika na kuifuta mara nyingi kabla ya kuituma, kama vile namba nayo inaweza kukosewa adabu. Hatimaye fundi aliuliza jambo lisilo na namba. Alitaka ruhusa ya kuwaleta wazazi wake.

Kimya aliomba muda wa kufikiri. Ni katika muda huo shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliweka kikapu chake chini na kukaa.

"Mwanangu, sikukatazi. Nakuuliza tu. Kilima cha ng'ambo, kwa yule mkunga mstaafu, si kinaona mnara vilevile?"

"Kinaona, shangazi."

"Fundi wako alianzia huko. Mkunga akamwambia paa lake halitolewi hivi hivi. Akavuka bonde, akakuta mjane na binti asiyesema. Angepata wapi paa rahisi kuliko hilo?"

"Lakini anakuja kila wiki, shangazi."

"Kukagua nini? Bati lina pumzi? Na huko mtoni ameweka dishi jingine kwa seremala, na seremala ana mabinti. Huyu kila kilima ana paa, na kila paa lina binti." Shangazi alimsogelea. "Sikiliza. Mkikosana, dishi linaondoka na bonde zima linakosa mtandao. Hawezi kukubali mkosane. Atakutabasamia mpaka uzeeke, na hutajua kamwe anamtabasamia nani."

Neno hilo la mwisho ndilo lililobaki, kama sindano iliyoanguka kwenye zulia.

Sasa fundi alikuwa amefika barazani. "Hujambo, Kimya?"

"Sijambo."

"Leo hasi ngapi?"

"Sijatazama."

"Hujatazama?" Alicheka, halafu akaona yeye hacheki. "Nimekuja kwa lile jibu."

"Umekuja kwa jibu au umekuja kukagua?"

"Vyote."

"Kipi kwanza?"

Fundi alibadilisha helmeti mkono. "Kimya, kuna mtu amesema kitu?"

"Nyumba yetu ingekuwa bondeni, ungekuja?"

Angeweza kudanganya, na Kimya alikuwa amejiandaa kumshika kwenye uongo. Lakini yeye alifikiri, akatikisa kichwa. "Nisingekuja. Ningejuaje kama upo?"

Ukweli huo ulimchoma kuliko uongo wowote ambao angeutunga.

"Muulize na wa seremala!" sauti ilitoka dirishani.

"Shikamoo, shangazi," fundi alisema bila kugeuka. "Mabinti wa seremala, mkubwa ndiyo kwanza anaota meno ya mbele."

"Watoto hukua!"

"Shangazi, tafadhali," Kimya alisema, na dirisha likanyamaza, ingawa halikufungwa. Alipasi mshono kwa vidole, huku na huku, mshono ambao haukuwa na kosa. "Mimi sijui ukinitazama unaona nini."

"Nakuona wewe."

"Macho yako huwa yananipita."

"Yanakwenda wapi?"

Kimya alinyoosha kidole juu. Na fundi, maskini, akafuata kidole, akalitazama dishi. Akalitazama vizuri, hata akakunja jicho moja kuona kama limeinama.

"Umeona?" Kimya alisema.

Damu ilimpanda fundi usoni. "Ni kazi, Kimya. Mtu wa kazi yangu hupita njiani akitazama mapaa. Sijijui hata nikifanya."

"Najua ni kazi. Ninaloogopa ni kwamba yote ni kazi. Namba, ujumbe, kuja kila wiki."

"Kwa hiyo jibu ni hapana?"

"Sina jibu. Kila nikilitafuta, nakuta dishi limekaa juu yake."

Mama alitoka na kikombe cha maji, akaziona nyuso mbili, akarudi nacho. Kisha fundi akavaa helmeti yake na kushuka mteremko. Hakupanda juu. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka bila kupanda, na Kimya hakujua kama afurahi au alie.

Asubuhi alirudi na ngazi. Hakuja barazani. Alizungumza na Mama pembeni kwa sauti ya chini, Mama akashika kidevu, akamtazama usoni, akakubali kwa kichwa. Akapanda. Kimya, ndani, alisikia bolti zikilegezwa moja moja juu ya kichwa chake. Kisha taa ya kijani ya kisanduku cha mtandao kilichokuwa ukutani ikapepesa na kuwa nyekundu.

"Si nilisema!" Shangazi alikuwa ameshika kiuno mlangoni. "Si nilisema mimi? Kuulizwa swali moja tu, amefungasha!"

"Wewe ulisema hawezi kuliondoa, wifi," Mama alisema taratibu. "Ulisema atatabasamu mpaka mtoto azeeke."

"Basi amepata paa jingine! Hilo pia nilitaka kulisema."

Fundi alishusha dishi lile kubwa mgongoni, akalifunga kwenye pikipiki. Kabla ya kuondoka aligeuka. Kimya alikuwa nyuma ya pazia, ameshika ukingo wake. Fundi alitazama dirishani tu. Lakini juu hapakuwa na kitu tena cha kutazama, na wivu ukamwambia asilihesabu hilo.

Kimya akarudi kwenye jiwe. Foleni ilikuwa ndefu maana bonde zima lilikuwa limezimika, na kila mtu alijua kwa nini, au alidhani anajua.

"Pole, mwanangu," alisema muuza mkaa. "Umetuzimia mtandao, lakini pole."

"Mwache," mwingine akadakia. "Moyo wa mtu si bando, useme utajazwa kesho."

Kimya alipanda juu ya jiwe na simu yake, na kutoka pale, apende asipende, kilima cha mkunga kilikuwa mbele ya macho. Juu ya paa kulikuwa na mtu. Alikuwa amepiga magoti, anainama, anainuka. Chini yake kulikuwa na gauni la njano likienda na kurudi.

"Ni mjukuu wa mkunga," muuza mkaa alimweleza bila kuulizwa. "Yuko likizo. Msichana mchangamfu sana! Anacheka mpaka huku unasikia."

Na kweli, upepo ulipogeuka, Kimya alisikia. Kicheko cha mtu asiyehitaji kuombwa apaze sauti. Alituma picha moja ikagoma, akashuka.

Siku zilizofuata alishona mikono ya gauni upande wa ndani nje, akafumua, akashona tena vilevile. Alienda kisimani hata ndoo zikiwa zimejaa, kwa sababu njia ilipita pale paa la mkunga linapoonekana. Yule mtu alikuwa bado juu ya paa. Dishi tayari lilikuwa limesimama kwenye nguzo, linang'aa. Basi anafanya nini tena? Dishi haliwekwi siku zote hizo. Kwao aliliweka kwa siku moja.

"Anakagua," shangazi alisema. "Wewe si ulisema anakagua?"

Mtandao ulirudi bondeni. Jiwe la Habari likabaki tupu, na Kimya, ambaye nyumba yao pekee haikuwa na dishi tena, akawa anapanda peke yake, bila foleni na bila masikio. Kile alichokitamani miaka yote alikipata, na kilikuwa kichungu. Mteja alipopiga simu aliongea naye vizuri kabisa juu ya upana wa kifua, akashuka, akakaa chini ya jiwe na kulia.

Fundi alikuja jioni moja kwa miguu. Hakuwa na pikipiki wala ngazi. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye maungio, kama mtu aliyeiba masizi.

"Umesahau bisibisi?" shangazi alimlaki.

"Shikamoo, shangazi. Sikusahau kitu. Shikamoo, mama. Kimya, naomba tuongee hapa hapa, mbele yao. Sitaki useme nilikuvizia."

Kimya aliacha kukanyaga cherehani. "Vidole vimefanya nini?"

"Lami. Mkunga alikubali dishi liwekwe kwake kwa sharti moja, nizibe matundu yote ya mabati yake. Paa lile ni chujio, Kimya. Ukisimama ndani mchana unaona nyota."

"Na gauni la njano?"

Fundi alihangaika kidogo kabla ya kuelewa. Alipoelewa aliuma mdomo asicheke, maana aliona uso wa Kimya si wa kuchekewa. "Alikuwa ananishikia ndoo ya lami. Ana mchumba wake mjini. Nilipowasha mtandao alimpigia, na nadhani mpaka sasa hajakata."

"Maneno mazuri," shangazi alisema. "Tutayapeleka wapi?"

"Bosi wangu naye aliuliza hivyo, shangazi. Kaniuliza dishi linalofanya kazi linahamishwaje. Nikamwambia lina kasoro." Alimgeukia Kimya. "Lilikuwa limesimama kati yangu na jibu langu. Sasa halipo. Paa lenu halinifai kitu chochote. Nikipita hapa tena, sipiti kwa kazi."

Kimya alimtazama. Alisubiri macho yapande. Hayakupanda. Lakini mtu anaweza kujifunza kutopandisha macho, alijiambia, kama mimi nilivyojifunza kutaja namba.

"Mfukoni mna nini?"

"Dishi dogo. La kupokea tu, halimgawii mtu. Nisingewaacha na lile jiwe, hata kama jibu ni hapana."

Alimkabidhi. Lilikuwa jeupe, jepesi kama sahani ya plastiki. Kimya aliligeuza huku na huku kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wenye kasoro, maana hakuna kilichoingia nyumba ile siku hizo bila kugeuzwa. Na nyuma yake akaona vitundu vinne vya vioo, vimepangwa mstari.

"Hivi ni nini?"

Fundi alijikuna shingoni.

"Nakuuliza, hivi ni nini?"

"Ni taa."

"Za nini?"

"Zinaonyesha nguvu ya mtandao. Ukigeuza ukapata vizuri, zote zinawaka."

"Lile kubwa nalo lilikuwa nazo?"

"Lilikuwa nazo."

Shangazi alisogea mbele kwenye kiti. Mama aliacha kupepeta.

"Kwa hiyo siku ile," Kimya alisema polepole, na kila neno lilikuwa baridi, "ukiwa juu ulikuwa unaona mwenyewe."

"Nilikuwa naona."

"Na wiki zote zile."

"Zote."

"Hukuhitaji mtu wa kukutajia namba."

"Sikuhitaji."

"Ulinidanganya! Umenipigisha kelele bonde zima linisikie, kumbe una taa! Kwa nini?"

Fundi alitazama vidole vyake vyeusi. Mtu aliyepanda mapaa yote ya bonde lile alionekana kuogopa sakafu ya baraza. "Nilipofika hapa mara ya kwanza niliongea na mama yako mchana kutwa, na wewe hukusema hata neno. Ulikuwa unanitazama tu kutoka kwenye cherehani. Nikasema, huyu sauti yake ikoje? Nikatafuta njia." Akainua uso. "Paa nililihitaji, Kimya, sikufichi. Lakini namba sikuzihitaji. Zile zilikuwa za kwangu."

Kimya alipitisha kidole gumba juu ya vile vioo, kimoja kimoja. Siku zote hizo alikuwa akitafuta uongo ndani ya mtu huyu, na sasa ameupata, ameushika mkononi, na ndicho kitu pekee alichoweza kukiamini.

"Lete ngazi ya jirani," alisema.

Fundi alikuwa juu kabla shangazi hajapata la kusema. Nguzo ya zamani ilikuwa bado imesimama, dishi dogo likafungwa hapo. Kimya alisimama uani na simu mkononi.

"Taja!"

Simu ilionyesha hasi hamsini na moja. Haijawahi kuwa nzuri hivyo. Kimya aliitazama namba, akamtazama mtu aliye juu, jua la jioni likiwa nyuma ya mabega yake.

"Hasi themanini na tano!"

Taa zote nne za kijani zilikuwa zinamwakia fundi usoni, hata Kimya aliyaona mashavu yake yakibadilika rangi. Fundi alimchungulia. Wakatazamana, na safari hii wa kwanza kukwepesha macho alikuwa yeye fundi.

"Bado ni mbaya sana hiyo," alisema. "Itabidi nigeuze tena."

"Geuza!"

"Dishi dogo hivyo linachukua muda wote huu?" shangazi alinung'unika.

"Ni homa, wifi," Mama alisema, akiuokota ungo wake. "Wala haitashuka leo."

"Kimya!" fundi aliita. "Na lile jibu? Kwa sauti, huku juu kuna upepo!"

Nguo za Mama zilining'inia kwenye kamba, hazitikisiki hata pindo.

"Waje!" Kimya alisema.

"Sikusikii!"

Akajaza kifua. "Wazazi wako! Waje!"

Chini njiani wanawake wa kisimani walisimama na ndoo zao, na mmoja wao, kabla fundi hajapata nafasi ya kudanganya tena, akajibu kwa niaba yake:

"Amesikia!"